Pikapu Kuukuu Inapogonga: Lini Kabla ya Wapi

Kugonga ni neno moja ambalo madereva na mafundi wa Afrika Mashariki hulitumia kwa hitilafu nyingi zisizo na undugu wowote, kuanzia nati iliyolegea kwenye bodi la pikapu hadi beringi ya kranki iliyokwisha, ambayo gari likiendelea kuendeshwa inaweza kukatisha rodi na kutoboa bloku ya injini. Kwa kuwa jina ni moja ilhali gharama zinatofautiana mno, si ajabu kuona injini ikiteremshwa na kufunguliwa kumbe kasoro ilikuwa kwenye gasketi ya bomba la moshi, au, kinyume chake, mwenye gari akiongeza oili nzito na kuendelea na safari wakati injini imebakiwa na saa chache tu za uhai. Makala haya yanaeleza jinsi mlio huo unavyochunguzwa kwa utaratibu, kwa kushikilia kwamba sikio peke yake halitoshi: mlio hutambulika kwa kile kinachoubadilisha, yaani joto, mzigo, kasi, au kuzimwa kwa silinda moja, na kwa hiyo swali la lini mlio unatokea hutangulia swali la wapi unatokea.

Mfano utakaotumika ni Toyota Hilux, pikapu iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968, na hasa zile za miaka ya 1980 na 1990 ambazo bado zinabeba magunia ya mahindi, saruji na mikungu ya ndizi katika barabara za ukanda huu. Baadhi ya hizo zina moja ya aina mbili za injini: ya petroli iitwayo 22R, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,366, au ya dizeli ya ukoo wa L, kama vile 2L yenye ujazo wa 2,446 na 3L yenye ujazo wa 2,779. Zote zina silinda nne, na zile za kabureta na za dizeli za kale hazina kompyuta ya kusomwa kwa mashine, jambo ambalo wengine huliona kuwa upungufu lakini ambalo kwa mchunguza mlio ni nafuu, kwa sababu karibu kila kipimo kinawezekana kwa spana, bisibisi na subira.

Maswali manne ya mwanzo

Swali la kwanza ni kama mlio unasikika gari likiwa limesimama. Injini ikiwashwa gia ikiwa huru, na mlio ukasikika na kuongezeka kadiri resi inavyopigwa, kasoro imo ndani ya injini au katika vitu vilivyofungwa juu yake. Mlio ukisikika tu wakati magurudumu yanazunguka, tena ukafuata mwendo wa gari bila kujali kama mguu wa dereva unakanyaga mafuta au umeachia, basi injini haihusiki, na uchunguzi unapaswa kuhamia chini ya gari. Kipimo hiki hakihitaji hata spana moja, nacho huondoa nusu ya washukiwa wote.

Swali la pili ni la joto. Vyuma hutanuka vikipata moto, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo pistoni za aluminiamu zilizomo ndani ya bloku ya chuma cha kusubu huwa na nafasi kubwa zaidi alfajiri, injini ikiwa baridi, kuliko baada ya kazi ya dakika kumi. Ndiyo maana pistoni iliyochakaa hupiga ukuta wa silinda wakati wa kuwasha na kunyamaza baadaye, ilhali beringi za kranki hufanya kinyume chake: oili baridi ni nzito na hujaza nafasi iliyopanuka, lakini oili hiyo inapopata moto na kuwa nyepesi, mlio hujitokeza. Mnunuzi wa pikapu iliyotumika anapofika na kukuta injini tayari ina moto, amekwisha kunyimwa nusu ya ushahidi, na ni haki yake kurudi asubuhi ya siku nyingine na kuigusa injini kwa mkono kabla haijawashwa.

Swali la tatu ni la mzigo, yaani kama mlio huongezeka gari linapopanda mlima au linapobeba shehena, au hujitokeza dereva anapoachia mafuta ghafla. Swali la nne ni la mdundo: mlio unapigwa mara ngapi kwa kila mzunguko wa kranki, ambayo ndiyo shafti kuu inayozungushwa na pistoni zote. Majibu ya maswali haya manne yakiandikwa kwenye karatasi kabla bolti yoyote haijafunguliwa, fundi hupata ramani, na mwenye gari hupata kinga dhidi ya matengenezo ya kubahatisha.

Oili hutangulia

Kabla resi yoyote haijapigwa, kijiti cha kupimia oili kinapaswa kuvutwa, kwa sababu aina moja ya kugonga inatokana na upungufu wa oili tu, na kila dakika ya kuisikiliza injini iliyokauka ni dakika ya kuimaliza. Oili ikipungua chini ya kiwango, pampu hufyonza hewa pamoja na oili, hasa gari linapokata kona au kupanda mlima, na beringi hubaki bila ulinzi.

Beringi zinazozungumziwa hapa hazina gololi. Ni vigamba viwili vya nusu duara, vyembamba na laini, vinavyokumbatia shingo ya kranki, na kati ya vigamba na shingo hupita utando wa oili unaosukumwa na pampu, kiasi kwamba injini nzima ikiwa katika afya njema chuma hakigusi chuma. Katika 22R nafasi ya utando huo kwenye beringi za rodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki, huwa kati ya milimita 0.025 na 0.055, na kikomo cha uchakavu ni milimita 0.10, ambayo ni karibu unene wa karatasi ya kuandikia. Nafasi ikizidi hapo, oili hukimbilia pembeni, shinikizo hushuka, na rodi huanza kuipiga shingo ya kranki kama nyundo.

Kwa sababu hiyo kipimo cha shinikizo la oili ni shahidi asiyependelea. Taa nyekundu ya kwenye dashibodi haitoshi, kwa kuwa huwaka pale tu shinikizo linapokuwa limekaribia kwisha. Fundi hufungua sensa ya oili kwenye bloku na kufunga geji yenye mshale mahali pake. Kwa injini ya 22R yenye moto, vitabu vya karakana hutaka shinikizo lisipungue kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba katika mwendo wa chini kabisa, na liwe kati ya kilo 2.5 na 5 kranki inapozunguka mara 3,000 kwa dakika. Injini inayogonga huku mshale ukiwa chini ya viwango hivyo haina haja ya mjadala mrefu.

Oili yenyewe pia husema. Matone machache ya oili iliyomwagwa yakipakwa kwenye kitambaa cheupe na kuinuliwa juani, oili ya kawaida huacha doa jeusi lisilo na kitu, ilhali oili ya injini inayokula beringi humetameta kwa chembe ndogo mithili ya vumbi la fedha, na baadaye, vigamba vinapokwisha tabaka la juu, chembe hizo huelekea rangi ya shaba. Sumaku ikipitishwa chini ya kitambaa hutenganisha zaidi: chembe za beringi hazivutwi, bali zile za chuma, zitokazo kwenye ringi, gia au kamshafti, husogea na kujipanga. Filta ya zamani ikikatwa na karatasi yake kukunjuliwa, ushahidi huo huonekana kwa wingi zaidi kuliko kwenye kijiti.

Kusikiliza kwa bisibisi

Daktari hutumia stethoskopu, na fundi wa kawaida hutumia bisibisi ndefu. Ncha huegemezwa kwenye chuma, mpini hugandamizwa kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, na mtetemo husafiri ndani ya chuma hadi kichwani bila kuchanganyika na kelele za hewa. Mikono mirefu ya shati, nywele na vitambaa huwekwa mbali na feni na mikanda. Ncha ya bisibisi huhamishwa kwa mpangilio: mfuniko wa vali juu ya kila silinda, ubavu wa bloku kutoka silinda ya kwanza hadi ya nne, kingo za sampu lililobeba oili, kisha kava la cheni mbele, pampu ya maji na altaneta.

Ustadi hapa ni kulinganisha. Bloku ya chuma hupitisha mtetemo kila upande, kwa hiyo sehemu moja ikisikilizwa peke yake hupotosha. Lakini mtu akisikiliza sehemu nne zinazofanana na moja ikapiga kwa ukali kuliko tatu zilizobaki, amepata jambo la kushika. Kwa kanuni ya jumla, mlio mwepesi unaosikika juu hutoka kwenye vali, na mlio mzito unaosikika chini, karibu na sampu, hutoka kwenye kranki na rodi.

Mwendo mzima na nusu mwendo

Katika injini ya mapigo manne, kamshafti, yaani shafti inayofungua na kufunga vali, huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Injini inayozunguka mara 750 kwa dakika ina kranki inayopita mizunguko 12.5 kwa sekunde na kamshafti inayopita 6.25, na sikio lililozoea hutofautisha midundo hiyo miwili kama mtu atofautishavyo mwendo wa kutembea na wa kukimbia. Asiye na mazoea anaweza kuazima macho: taa ya kupimia taimingi, iliyobanwa kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza ya injini ya petroli, humulika mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Mlio unaolingana na mmuliko ni wa upande wa kamshafti au wa silinda moja inayowaka; mlio unaopigwa mara mbili kwa kila mmuliko unatoka upande wa kranki.

Mlio wa nusu mwendo ulio mwepesi na wa haraka, kama cherehani, kwa kawaida ni wa tapeti, yaani vipande vinavyosukuma vali. Kati ya kipande hicho na shina la vali huachwa nafasi ndogo ili chuma kitanuke bila kuizuia vali kufunga, na katika 22R nafasi hiyo, ikipimwa injini ikiwa na moto, ni milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.30 kwa vali za kutolea moshi. Kibamba chembamba cha kupimia, ambacho mafundi hukiita fila, kikisukumwa katika nafasi ya tapeti inayolia injini ikiwa katika mwendo wa chini, mlio wake hufifia papo hapo, na kasoro hujulikana bila kufungua kitu zaidi ya mfuniko. Dawa ni kurekebisha skrubu na kukaza nati yake, kazi ya saa moja au mbili.

Mbele ya injini hiyohiyo kuna mgonjwa mwingine anayejulikana sana. Kamshafti ya 22R huendeshwa na cheni inayoongozwa na vibao vya plastiki na kukazwa na tensheni inayotumia shinikizo la oili. Miaka inapopita plastiki hukauka na kuvunjika, cheni hulegea, na kila asubuhi, kabla oili haijafika kwenye tensheni, mlio wa mnyororo unaoburuzwa husikika kwa sekunde kadhaa na kisha kutulia. Dereva huuzoea, na hapo ndipo hasara inapoanza, kwa kuwa cheni iliyolegea husugua kava la aluminiamu lililo pembeni yake hadi kulitoboa, na nyuma ya ukuta huo hupita maji ya kupozea injini. Maji yakiingia kwenye oili, kijiti hutoka na rangi ya chai ya maziwa, na injini iliyohitaji vibao na cheni mpya sasa inahitaji kava, beringi na pengine kranki.

Kuzima silinda moja moja

Kipimo kinachomtenga mhalifu ndani ya bloku ni kuondoa nguvu ya silinda moja kwa wakati na kusikiliza kinachobadilika. Katika injini ya petroli, waya wa plagi huchomolewa kwa koleo yenye mpira na kugusishwa kwenye chuma cha injini ili umeme upite salama. Katika dizeli za kale, nati inayofunga bomba la mafuta kwenye nozeli, yaani kifaa kinachorusha dizeli ndani ya silinda, hulegezwa kidogo ili mafuta yavuje nje. Kipimo hicho cha dizeli kinahitaji miwani na umbali, kwa sababu mafuta yenye shinikizo yanaweza kupenya ngozi. Kwa pikapu mpya zaidi, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo linalozidi mara 1,000 ya lile la hewa ya kawaida, kipimo hicho ni marufuku kabisa.

Matokeo husomwa hivi. Mlio mzito unaopungua sana au kupotea silinda fulani inapozimwa unaelekeza kwenye beringi ya rodi ya silinda hiyo, kwa sababu mwako haupo tena wa kuigandamiza rodi juu ya shingo iliyolegea. Beringi hiyo hiyo hujidhihirisha resi inapopigwa kwa upole hadi mizunguko 2,000 au zaidi kisha mguu ukaachia: wakati kasi inaposhuka, rodi hubadilisha upande inaoegemea, na mapigo mafupi ya mfululizo husikika. Mlio wa pistoni inayopiga ukuta nao hupungua silinda inapozimwa, lakini hutofautishwa na joto, kwa kuwa huo hufifia injini inapopata moto. Pini ya pistoni, ambayo huishika pistoni kwenye rodi, hupiga mlio mkali wa chuma kwa chuma, mara nyingi wa pigo maradufu, nao silinda ikizimwa huelekea kuongezeka badala ya kupungua.

Beringi kuu, zile zinazoishikilia kranki yenyewe kwenye bloku, hutoa kishindo kizito zaidi ya vyote, kinachosikika kama kinatoka sakafuni mwa gari, hasa injini inapovuta mzigo. Kuzima silinda moja mara nyingi hakukibadilishi sana, lakini kuzima mbili zilizo jirani na beringi husika hukipunguza. Kishindo kinachobadilika klachi inapokanyagwa kinadokeza jambo lingine: kukanyaga klachi huisukuma kranki mbele, na ikiwa vigamba vinavyoizuia isiende mbele na nyuma vimekwisha, au bolti za flaiwili zimelegea, mlio hubadilika au kukatika.

Kugonga kwa moto

Kuna kugonga kusikotokana na chuma kilicholegea, na huku ndiko kunakowapotosha wengi. Katika injini ya petroli iliyo sawa, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta mahali pamoja, na moto husambaa kwa utaratibu hadi pembe za mwisho. Ikiwa mchanganyiko ulio mbali na plagi utabanwa na kupashwa joto kupita kiasi, hujilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia, na mawimbi ya shinikizo hugonga kuta za silinda. Mlio wake ni kama changarawe ndani ya kopo, husikika gari linapopanda mlima kwa gia kubwa, na hunyamaza mara gia inapopunguzwa.

Uwezo wa petroli kuvumilia mbano huo bila kujilipukia huitwa okteni. Mnamo Desemba 1921 Thomas Midgley, katika maabara ya General Motors nchini Marekani, aliona kwamba mchanganyiko wa kemikali wenye madini ya risasi huzuia kugonga huko, na kwa miongo mingi petroli ya dunia nzima ilitiwa risasi, hadi madhara yake kwa ubongo wa watoto yalipoilazimisha dunia kuiacha; nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 na kuiondoa ilipofika 2006. Baadaye kilichoishusha okteni katika ukanda huu ni hila ya kuchanganya petroli na mafuta ya taa, ambayo bei yake ilikuwa chini. Tanzania ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama maalumu ya kemikali ili uchanganyaji ubainike, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya hila hiyo. Pikapu iliyoanza kugonga kwa mlio wa changarawe mara tu baada ya kujazwa mafuta inapaswa kushukiwa tangi kabla ya kushukiwa injini.

Sababu nyingine ni cheche kuwahi mno, injini kuchemka, masizi yaliyojaa juu ya pistoni, na hata jiografia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na mbano ndani ya silinda ni mdogo. Gari la kabureta lililowahishiwa cheche huko ili livute vizuri linaweza kuteremka hadi Mombasa na kuanza kugonga, bila kitu chochote kuharibika njiani. Kipimo chake ni rahisi: distributa hulegezwa na kuzungushwa digrii chache ili cheche ichelewe, na gari hujaribiwa tena kwenye mlima uleule. Mlio ukitoweka, hakuna haja ya kufungua sampu.

Dizeli nayo hugonga kwa maumbile yake. Haina plagi ya cheche. Hewa hubanwa hadi karibu sehemu moja ya 22 ya ujazo wake, ikilinganishwa na karibu sehemu moja ya tisa kwa 22R, na joto la mbano huo ndilo linalowasha mafuta yanaporushwa. Kati ya kurushwa na kuwaka hupita muda mfupi, na kadiri muda huo unavyorefuka ndivyo mafuta mengi yanavyorundikana na kuwaka kwa mkupuo, jambo linalotoa ule mlio mkavu wa dizeli baridi alfajiri. Kwa hiyo swali kwa 2L au 3L ni kama mlio umezidi kuliko ulivyokuwa. Ukizidi katika silinda moja, na kukoma nati ya nozeli yake inapolegezwa, nozeli inayodondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza hushukiwa kwanza, na kubadilishana nozeli hiyo na ya silinda jirani huthibitisha: mlio ukihama na nozeli, kasoro ni nozeli, mlio ukibaki palepale, kasoro ni beringi au pistoni. Ukizidi katika silinda zote baada ya mkanda wa taimingi kubadilishwa, pampu ya mafuta inaweza kuwa imefungwa ikiwa imewahi kwa jino moja, kwa sababu mkanda huohuo ndio unaoizungusha.

Wanaojifanya injini

Gasketi ya manifoldi ya moshi ikiungua, moshi hupenya kwa mapigo yanayofanana mno na ya tapeti, tena huwa mkali injini ikiwa baridi na kupungua chuma kinapotanuka na kuziba ufa. Alama yake ni mstari wa masizi meusi kando ya gasketi. Puli ya kranki, ambayo ina tabaka la raba kati ya kitovu na ukingo wake, hugonga raba inapoachana. Mikanda ikitolewa na injini kuwashwa kwa muda usiozidi dakika moja, mlio wa puli nyinginezo, pampu ya maji na altaneta hutengwa papo hapo. Mauntini za injini, yaani viegemeo vyake vya raba, zikikatika, injini huruka na kugonga chasisi wakati wa kuondoka au kuzima.

Kwa mlio unaofuata magurudumu, mpangilio ni wa usalama kwanza: nati za magurudumu, beringi za magurudumu, boljointi na tairodi za usukani, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoweza kulitupa gari nje ya barabara. Kishindo kimoja kinachosikika klachi inapoachiwa au gia ya nyuma inapoingizwa kwa kawaida ni cha krosi, kile kiungo cha msalaba kwenye propela, ambacho hupimwa kwa kushika pande mbili za kiungo na kuzizungusha kinyume, gari likiwa limezimwa na kuzuiwa kwa mawe. Bushi za springi, bolti za kufungia springi na shokapu hugonga kwenye makorongo, hasa pikapu ikiwa tupu, maana shehena huzikandamiza na kuzinyamazisha. Na kabla ya kulala chini ya gari kwa mara ya pili, gurudumu la akiba linaloning'inia kwa mnyororo chini ya bodi linapaswa kutikiswa kwa mkono, kwani limekwisha kugharimu watu wengi shokapu mpya zisizohitajika.

Uamuzi

Uchunguzi ukikamilika, milio hugawanyika katika makundi mawili. Tapeti, gasketi ya moshi, pistoni baridi na bushi za springi zinaweza kusubiri wiki, huku dereva akiangalia kama zinabadilika. Mlio mzito wa chini unaoambatana na shinikizo dogo la oili au chembe zinazometa hauna subira, na gari lenye mlio huo halipelekwi gereji kwa kuendeshwa, huvutwa. Oili nzito au dawa ya chupa ikiongezwa mlio hupungua kweli, kwa sababu utando mzito hujaza nafasi iliyopanuka, lakini beringi huendelea kulika chini ya ukimya huo, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Gharama yenyewe hufuata saa ambayo injini ilizimwa. Ikizimwa mara mlio wa kwanza uliposikika, shingo ya kranki ikiwa bado laini, sampu hufunguliwa, uzi laini wa plastiki huwekwa kati ya kigamba na shingo na kukandamizwa ili upana wake uonyeshe nafasi iliyopo, na vigamba vipya vinaweza kutosha. Ikizimwa baada ya safari kadhaa, shingo inakuwa imekwaruzika, kranki hutolewa na kupelekwa kwenye mashine kusagwa, kisha huvalishwa vigamba vinene zaidi, vilivyotengenezwa kwa shingo iliyopungua kipenyo kwa milimita 0.25. Ikizimwa yenyewe, rodi ikiwa imetokea ubavuni mwa bloku, hakuna tena kinachosagwa wala kupimwa, na mwenye gari hutafuta injini nyingine. Mlio wa siku ya kwanza ulikuwa ni uleule katika hali zote tatu. Kilichotofautiana ni lini mtu aligeuza ufunguo na kuizima.